Kenge Chini ya Kitanda cha Mgonjwa

Jumatatu, 6 Juni 1938

Ninakufa. Dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, amesema moyo wangu umechoka. Ninywe uji mwepesi na nisibishane na watu. Hilo la pili haliwezekani. Basi kabla sijaondoka niandike nilichowaficha watu wote wa mlima huu, pamoja na Hamida, mke wa mwanangu, anayenitunza: chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku la nguo, anaishi kenge.

Si mdogo tena. Alipanda kutoka Mombo ndani ya mfuko wa Kristofa, dereva wa lori, mwaka ule alipofariki mke wangu. Wakati huo alikuwa sawa na mjusi. Kristofa alimleta kwa mzaha. Sikucheka. Nilimpa yai. Sasa mkia wake peke yake umezidi mkono wangu. Jina lake Kaizari, kwa heshima ya serikali ya Wadachi iliyonisomesha. Jina hilo nalo si la kutajwa mbele ya Waingereza.

Hamida huniletea mayai mabichi kila asubuhi, akidhani nayanywa kwa ajili ya moyo. Harufu naisingizia dawa ya kuchua. Chumba nafagia mwenyewe. Mambo yalikuwa yamenyooka!

Ameyaharibu mzungu mwenye shamba la kahawa ng'ambo ya bonde. Alifuga chatu. Chatu akatoroka, akaingia zizi la mjane Dorkasi, akammeza mwana-mbuzi. Leo zumbe wetu, mtawala wa mlima huu, ametangaza baraza: je, iruhusiwe watu kufuga wanyama watambaao majumbani? Anayepiga kelele kuliko wote ni jirani yangu, Mwalimu Sefania, mstaafu kama mimi. Tulisoma pamoja Tanga. Tangu siku hizo hajapata kukubali neno langu hata moja.

Jumanne, 7 Juni

Zumbe ameniita barazani nitunge maneno ya amri. Sawa. Nimekuwa karani wa baraza chini ya bendera mbili. Amwite nani mwingine? Nilikwenda kwa fimbo, Hamida amenishika kiwiko. Njiani nikapata akili ya ajabu.

Kwanza waliuliza kama amri itamgusa yule mzungu. Zumbe akasema haiwezi. Shauri la mzungu liko boma, kwa Waingereza wenzake. Dorkasi akauliza, basi chatu akija tena amwonyeshe amri asome?

Ndipo nikasimama. Nikapendekeza: ni marufuku kufuga mnyama atambaaye asiye na miguu. Nikaeleza kwa utulivu kwamba hatari yote iko katika kukosa miguu, maana kisicho na mguu hakifungwi kamba. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Zumbe akaitikia. Ushindi!

Sefania akainuka, akasafisha koo kama alivyokuwa akifanya darasani. Akauliza, akininyoshea kidole, na mamba je? Mamba ana miguu minne. Mzee Mbaraka anataka tufuge mamba?

Walicheka mpaka zumbe akapanguza macho. Kisha wakaongeza: mwenye miguu au asiye nayo. Atakayeonekana na mnyama huyo, mnyama auawe papo hapo. Mikono ikanyoshwa. Na wangu pia, ningefanyaje? Jumamosi askari wa zumbe watapita nyumba kwa nyumba.

Jumatano, 8 Juni

Kumrudisha Kaizari Mombo? Lori la Kristofa limevunjika springi, liko gereji Korogwe. Kumwacha porini hapa juu? Baridi hii itamuua kabla ya askari. Juni yote yeye hulala kama gogo. Namfunika kwa koti langu la zamani.

Nimepata njia. Hakuna askari mwenye adabu atakayechungulia chini ya kitanda cha mtu anayekata roho. Kufa ninakufa kweli, ila si wiki hii. Nitaharakisha kidogo kwa macho ya watu.

Jioni nilimwambia Hamida siuoni ukuta. Akalia. Nilisikia vibaya kwa muda mfupi. Ni mwanamke mwema, lakini analia upesi mno.

Ijumaa, 10 Juni

Mjinga mimi! Nimeishi miaka yote hii mlimani na nikasahau kwamba kwetu mtu akisemwa yuko taabani haachwi peke yake hata dakika.

Wamekuja wote. Wa Malindi, ile ya huku huku mlimani, wamekuja. Shangazi zake Hamida wamekuja kutoka Mtae, na ile barabara! Wameketi mkekani, wameketi kitandani kwangu, juu ya miguu yangu. Mmoja wa shangazi, mnene kuliko wenzake, ameketi juu ya ncha ya sanduku iliyotokeza mvunguni. Kila mmoja ameleta zawadi ya mgonjwa, na zawadi ya mgonjwa ni nini? Mayai. Hamida akayapanga kwenye kikapu, akakisukuma chini ya kitanda.

Rajabu, askari wa zumbe, alikuja pia. Akaweka rungu lake mlangoni kwa heshima, akasema hajaja kukagua, amekuja kunijulia hali. Kukagua ni kesho.

Halafu wakaingiza jiko la mkaa.

Asiyefuga kenge hajui maana yake. Kenge wa baridi ni gogo. Kenge wa joto ni mwizi. Nikasema nasikia joto, waliondoe. Wakatazamana kwa huzuni. Shangazi mnene akasema hiyo ni homa ya mwisho, ongezeni mkaa. Nikatoka jasho. Wakasema ndilo jasho lenyewe. Maalimu wa msikitini akaanza Yasini. Ndani ya sanduku kitu kikajigeuza. Shangazi akajisogeza, akamlaumu jirani yake kwa kumsukuma.

Jumamosi, 11 Juni

Siku ya aibu.

Zumbe alikuja mwenyewe, na nyuma yake Sefania, amevaa koti lake la kanisani. Watu wakasogea karibu. Kila mtu alijua amekuja kuombana radhi nami, na hakuna aliyetaka kupitwa.

Sefania akasema kwa sauti kwamba tumegombana tangu tukiwa na meno, nimsamehe. Nikasema nimemsamehe, aende salama. Hakwenda. Akainama sikioni pangu.

“Huyo kenge wako nimemjua tangu mwaka jana. Anatokea dirishani kwako, anaingia banda langu la kuku.”

Nikamwuliza kwa mnong'ono, kama alijua, kwa nini aliongeza miguu kwenye amri?

“Ili uje uniombe. Maisha yako yote hujaniomba kitu, Mbaraka.”

Kaizari alikuwa ametoka. Alipita katikati ya mkeka bila haraka, yai mdomoni, akapanda kitandani penye joto. Maalimu alitokea dirishani. Mashangazi walitoka mlangoni wote kwa pamoja, jambo ambalo mlango ule hauruhusu. Rajabu akalichukua rungu.

Sijui nilivyoruka. Nilijikuta nimesimama sakafuni, nimemkumbatia Kaizari, namwambia Rajabu anipige mimi kwanza. Kisha nikakumbuka kwamba niko kufani, nikaanguka kitandani kwa uangalifu.

Nikatumia kilichobaki. Nikamwambia zumbe huu ndio wasia wangu, mnyama huyu asiguswe. Zumbe akanitazama, akaitazama miguu yangu iliyokuwa imesimama vizuri sasa hivi. Sefania, wa kwanza kunipinga siku zote, akasema mtu wa kufa hanyang'anywi kitu. Zumbe akafikiri sana.

“Mzee yuko kufani, basi mnyama atakaa naye. Lakini siku tukimzika mzee, au siku mzee akiinuka akatembea, amri itatimizwa. Shauri limekwisha.”

Jumatatu, 13 Juni

Nimeisoma hukumu hii kichwani kwa mbele na kwa nyuma. Nikifa, anauawa. Nikipona, anauawa. Katika ukarani wangu wote sijaandika hukumu ya kipumbavu kama hii, na niliandika nyingi.

La kuudhi zaidi, nasikia nafuu! Ni supu ya Hamida. Nataka kwenda kuangalia migomba yangu. Siwezi. Rajabu hupita uani kila asubuhi kuona kama nimeinuka.

Hamida hajakasirika kama nilivyotegemea. Aliniamkia, kisha akasema, “Baba, ndiyo maana ulikuwa huyataki mayai ya kuchemsha.” Sasa humwekea Kaizari yai lake kwenye kisahani. Ila haingii chumbani. Anakisukuma kisahani kwa ufagio.

Sefania naye huja kila siku na bao lake. Anaiba kete. Aliniuliza kama bado naona amri ni mbaya. Kama karani nilimjibu kweli: amri ni ya haki. Mnyama wa nyika hapaswi kutetemeka sandukuni milimani, na mjane hapaswi kupoteza mbuzi kwa starehe ya mtu mwingine. Ningenyosha mkono tena. Akauliza, na kama Mbaraka? Nikamwambia acheze, ni zamu yake.

Alhamisi, 23 Juni

Dresa alikuja Jumatatu, akasikiliza kifua muda mrefu, akakunja vyombo vyake polepole. Safari hii hakutaja uji. Nikamwambia aseme. Amesema sitaziona mvua za vuli.

Vema. Lakini Kaizari atakufa siku ileile, na hilo silikubali. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na nimepata dawa. Hukumu inataka kenge mmoja auawe. Nani mlimani hapa atamtofautisha kenge na kenge? Basi nikamwagiza Kristofa, ambaye lori lake limepona, aniletee mwingine kutoka Mombo. Nikizikwa, Rajabu atakabidhiwa huyo. Kaizari atakuwa ndani ya tenga la kabichi, anateremka kwenye joto lake. Tenga atalipeleka Sefania. Nilimwomba. Aliziacha kete, akasema atalipeleka.

Kristofa alisema ni rahisi zaidi ampeleke Kaizari leo leo, nisihitaji wa pili. Vijana hawajui mipango.

Wa pili amefika mchana huu. Amekonda, ana kovu juu ya jicho. Nimejiwekea masharti: ni wa kuuawa, asizoeshwe, asilale kitandani, asipewe jina. Nilimpa yai, kwa kuwa safari ni ndefu. Akalila, kisha akaniwekea kichwa juu ya kifundo cha mkono, akafumba macho.

Nimekiri mengi humu bila taabu. Hili moja ni gumu.

Anaitwa Gavana.