Ndugu wa Marehemu Numbi

Chola hakuwa mtu wa kwenda kanisani bila sababu, na asubuhi ile sababu ilikuwa imebandikwa mlangoni.

Kanisa lilikuwa jipya, la matofali mekundu, lililojengwa mjini Élisabethville kwa ukumbusho wa askari waliokufa vitani. Karatasi ilitangaza kwamba siku ya kulibariki, kila marehemu angewakilishwa na ndugu mmoja wa damu, mwanamume, naye angepewa cherehani na mabibi wa kizungu. Majina yote yalikwisha kutiwa alama, isipokuwa moja: Numbi Edouard. Hakuna aliyekuja kwa ajili yake.

Chola alivua kofia. Alikuwa amekwisha kuwauzia watu wa mtaa wa Kamalondo maji ya Yordani yaliyotekwa kwenye bomba nyuma ya soko, lakini cherehani! Mwenye cherehani hukaa barazani, huitwa fundi, wala polisi hawamwulizi anaishi kwa kazi gani. Chola alikwisha kuulizwa mara mbili. Ya tatu, walimwambia, angerudishwa kijijini akalime. Basi tangu dakika ile akawa na msiba.

“Ndugu yako alikuwa mtu wa namna gani?” akauliza Padri Pierre.

“Murefu sana, mon père.”

“Hapa imeandikwa mfupi.”

“Murefu wa roho, mon père!” Chola akalia hata padri akampa leso yake. Tusimhukumu upesi. Wengi huwalilia wafu waliowajua kidogo. Yeye alizidi tu kwa kutomjua kabisa.

Siku ya sherehe alilia vizuri zaidi. Mabibi walifuta macho, na mpiga tarumbeta akapotewa na wimbo. Chola alitoka na cherehani kichwani, akiwa fundi tayari, alipomkuta mlangoni mwanamke mwenye kaniki ya matanga, na mzee mwenye mvi, na watoto watano.

Mwanamke akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima. “Mulamu wangu! Miye Léonie, bibi ya Numbi. Tulikutafuta miaka yote!”

“Na miye Kapya, baba ya Léonie,” akasema mzee. “Umekamata kintu ya marehemu mbele ya Mungu na mbele ya bantu. Basi umerizi. Bibi iko huyu. Batoto iko hawa. Banakulaka muzuri.”

Mdogo wao alikuwa na miaka minne, na askari alikuwa kaburini miaka kumi na mmoja. Lakini ndugu mwenye majonzi hafanyi hesabu ya namna hiyo mbele ya padri. Tena Chola alikuwa na mke wa ndoa, Brigitte, mwenye mikono mizito.

Padri Pierre akaja mbio, uso mwekundu. “Kanisa linakataza! Huyu ana mke. Mzee, asiyeweza kurithi hufanyaje kwenu?”

“Anamufungula mujane, mon père. Anamufunga ushanga mweupe, anamupa kintu ya uzito, na kivuli ya marehemu inaenda zake.”

“Kitu gani?”

Mzee Kapya akaitazama cherehani kama aliyeiona sasa hivi.

Chola alifungua kinywa aseme kwamba huyu si shemeji yake. Lakini polisi walisimama pale, na asiye na shemeji huyu hakuwa na ndugu yule. Akafumba. Ushanga Léonie alikuja nao, umefungwa katika pindo la nguo, jambo ambalo lingepasa kumfundisha kitu. Akamfunga mkononi, akatoa cherehani. Kisha mzee akakumbuka kwamba desturi hudai na kofia.

“Mungu akubariki,” akasema padri, akimsifu kwa moyo wote.

Polisi walipomwuliza mara ya tatu, Chola alikimbia kwa miguu mpaka mji wa Kipushi. Hapo, kwenye baraza karibu na soko, alimwona fundi mfupi akishona kwa cherehani aliyoijua, amevaa kofia aliyoijua zaidi. Nyuma yake Léonie alikuwa akisonga bukari, ugali wa huko.

“Karibu, mudogo wangu,” akasema fundi. “Miye Numbi.”

“Numbi alikufa!”

“Kwa jeshi, ndiyo. Nilikimbia vita. Kama ningekuja kukamata mashini yangu, wangenifunga. Na Léonie haiko mwanaume. Mufu bila ndugu iko na taabu. Mwezi muzima tulingojea mujanja mumoja aone jina langu.”

Chola akaketi juu ya tofali, hoi.

“Léonie alinielezea namna ulinililia,” Numbi akaendelea, kwa sauti ya upole. “Hata miye nililia.” Akamtazama magotini. “Suruali yako imepasuka na njia. Vua, nishone. Kwa ndugu, ni bure.”