Mashine Kubwa Yateremshwa Kasanga

Jumatatu, 14 Julai 2025
Sumbawanga. Baridi na upepo. Ushirika wa wakulima wa ulezi unatafuta fundi wa kompyuta za matawi yote. Ajira ya kudumu! Nimechoka kubadilisha vioo vya simu.

Mwenyekiti, mama Leonia, anataka ujumbe wa ushirika ufungwe kwa usimbaji mpya, ule ambao hata kompyuta za kwanta, zile za uwezo wa ajabu zinazosubiriwa, zikija hazitaufungua. Kazi ataipata yule ambaye mashine yake itafunga na kufungua jumbe nyingi zaidi kwa saa moja. Tumebaki wawili. Mimi nina mashine ya mezani, prosesa ya nguvu. Rahel ana kikompyuta cha kutia mfukoni, prosesa ya aina ya simu, hakina hata feni. Nilicheka mpaka akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 16 Julai
Tumepima kwa majaribio tu, ofisini. Nimemwacha mbali sana. Rahel akasema hongera kaka Adriano, ila hilo dude linanguruma kama lina kifua. Wivu.

Kumshinda hakutoshi. Nataka aaibike. Kasanga, kule ziwani, kuna joto. Kidude kisicho na feni kitakata roho. Nikaenda kwa mama Leonia, nikampa shikamoo mbili, nikashauri mashindano rasmi yafanyike Kasanga. Amesema kumbe nina akili. Rahel amekubali upesi. Maskini.

Ijumaa, 18 Julai
Kasanga. Nimeipakata mashine tangu Sumbawanga, magoti yamekufa ganzi. Mwanzoni niliongoza. Kisha prosesa ikapata moto, ikaanza kujipunguzia kasi ili isiungue. Nikafungua kifuniko. Feni imejaa unga. Duka langu limepakana na mashine ya kusaga, na feni sijawahi kuisafisha. Mzee Isdori wa tawi akachungulia, akauliza kama ugali tunasonga sasa hivi au tunangoja samaki. Wakacheka wote, na mama Leonia.

Ilipotimia robo saa mashine ikazimika. Kidude cha Rahel kiliendelea taratibu, vuguvugu tu, mpaka saa ikaisha. Nikadai kwamba nilipokuwa hai nilikuwa na kasi zaidi. Mama Leonia akauliza kama na tawi tutalifungua robo saa kwa siku.

Kazi amepewa Rahel.

Jumamosi, 19 Julai
Wenzangu wamerudi Sumbawanga. Kabla ya kuondoka Rahel alisema anahitaji msaidizi, tena kwa mshahara, aanze na kusafisha feni za tawi la Matai. Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa brashi.

Nimelichambua suala zima kwa utulivu. Mashine haina kosa. Unga hauhusiki. Adui ni joto. Nitakata rufaa, na safari hii nitakuja na ushahidi: nimeazima sanduku la barafu la Timoth, mvuvi wa hapa. Mashine inaenea yote, barafu inafika mpaka juu ya feni. Timoth ameuliza kama umeme na maji vinapatana. Nimemwambia mambo ya kitaalamu atuachie wenyewe, yeye ashike waya.