Mbwa wa Saizi Yangu

Jumapili, 2 Februari

Leo tena nimepitia kwenye miwa. Sababu ni ile ile: Inspekta. Huyo ni mbwa wa jirani yetu Obare, muuza mabati, na geti la Obare liko katikati ya nyumba yangu na stendi ya Migori ninakouza viatu vya mitumba. Geti halifungwi. Inspekta hana mnyororo. Kwa hivyo mimi Ombui, shemasi wa kanisa, baba wa Emmah, msichana aliye kidato cha pili, nazunguka nyuma ya posho mill, kile kinu cha unga, na kutokea kwenye miwa kama mwizi wa ng'ombe. Mwaka wa pili sasa.

Moraa, mke wangu, ameuliza mbona viatu vyangu vina matope na mvua haijanyesha. Nikasema ni mazoezi ya mwili. Alinitazama tu. Moraa akinyamaza namna hiyo huwa ameshajua.

Lakini leo nimepata wazo! Dawa ya moto ni moto. Nitafuga mbwa. Mkubwa, mkali, wa kumzidi Inspekta. Nitapita naye getini kwa Obare kifua mbele, nikisema tu, habari ya asubuhi jirani. Nalala na furaha.

Jumatatu, 3 Februari

Nimeenda kwa Edith, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa karibu na soko. Nilitaka anitajie aina ya mbwa mkali kuliko wote. Badala yake akaanza kuniuliza maswali mimi. Nikimwambia mtu atoke, anatoka? Nikasema inategemea ni nani. Mara ya mwisho nilimkemea nani? Nikafikiri sana. Nikataja jogoo. Akataka kujua kama jogoo alisikia.

Nikajifanya nasoma chupa za dawa.

"Baba Emmah," akasema, "mbwa huchaguliwa kwa moyo wa mwenyewe, sio kwa mbwa wa jirani."

Ati mbwa mkubwa humpima bwana wake kila siku, na akimkuta mwoga anachukua boma lote yeye. Ati mimi kananifaa kambwa kadogo, kapole, ka kulala mlangoni na kubweka mtu akija. Ka! Mtu mzima kama mimi! Nimekasirika hata sasa. Nilinunua dawa ya minyoo ya mbwa ili nisitoke mikono mitupu. Mbwa mwenyewe bado sina.

Alhamisi, 6 Februari

Ushindi! Dereva mmoja wa lori, mteja wangu, alinielekeza Ntimaru, kule karibu na mpaka, kwa Mama Bhoke, mama wa Kikuria ambaye mbwa wake wa kuchunga amezaa. Huyo mama mbwa ni ndama kabisa. Nilisalimiana naye nikiwa nyuma ya Mama Bhoke.

Kila mtu anajua mbwa mkali hutambulikana kwa kaakaa jeusi. Nikafungua midomo ya watoto wote. Pinki, pinki, madoadoa, pinki. Wa mwisho alikuwa mweusi tii, na alipofunga mdomo kidole changu kilikuwa bado ndani. Hakuachilia. Machozi yakanitoka, ya furaha kiasi.

Mama Bhoke akakataa pesa. Kwao mbwa hauzwi, lakini pia hatolewi bure. Unaleta kuku. Aliyetoa kuku ndiye mbwa atamjua. Bila kuku, mbwa anakaa kwako kama mgeni. Hayo ni mambo ya kale. Mimi ni Msabato, na kuku wangu wanataga. Nikamwambia kuku naleta kesho. Kesho gani, sikutaja. Werevu ni kipaji!

Jumapili, 9 Februari

Mbwa nimemwita Jemadari. Moraa amesema jina ni zito kuliko mwenyewe, akamfunika na sweta yangu kuukuu. Usiku wa kuamkia Sabato nilikuwa nimemsimulia ule ujanja wa kuku. Nilidhani atacheka. Akaniuliza tu kwa Mama Bhoke ni wapi.

Leo amekwenda upande wa Isebania, mpakani, ati kutafuta mchele wa Tanzania. Amerudi jioni bila mchele, ati ulikuwa ghali. Tena yule kuku wetu mweusi haonekani. Huyo ni Inspekta, sina shaka. Siku ya hesabu yake inakuja.

Jumanne, 11 Machi

Wazee wa kwetu husema mbwa akilishwa pilipili anakuwa mkali. Nimesaga pilipili kichaa nikachanganya na ugali. Jemadari amenusa, akapiga chafya, akaenda kulala kwa miguu ya Moraa. Mimi nikajikuna jicho.

Jicho limevimba. Kule stendi nimesema ni nyuki.

Jumapili, 1 Juni

Jemadari anakua, wacha mchezo. Obare amemwona juu ya ua na kuuliza nimetoa wapi simba. Nikamwambia ni mbegu ya ng'ambo. Ntimaru ni ng'ambo, ukitazama vizuri.

Tatizo dogo. Nikisema keti, Jemadari ananiangalia jinsi karani wa serikali anavyomwangalia mtu aliyekosa fomu. Nikirudia, anapiga miayo. Moraa akisema keti, mara moja, tena bila kupaaza sauti, mbwa anakaa. Hata mimi jana nilikaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Aibu. Naandika nikiwa na majani ya ndizi kichwani.

Jemadari sasa akisimama ananifikia kifuani. Nikifika nyumbani jioni anasimama getini, haumi, habweki, ananguruma tu polepole mpaka Moraa atoke na kusema, "Mwache, huyo ni wa hapa." Ndio napita. Leo Moraa alikuwa mazoezi ya kwaya. Nikasema mimi ndiye mwenye boma! Jemadari akaonyesha kaakaa jeusi lote. Nikapanda ua wa nyuma, nikaangukia kwenye migomba, nikaingilia dirisha la jikoni.

Nilikuwa na geti moja la kuogopa. Sasa ninayo mawili, na la pili nimelijenga mwenyewe. Nimekaa juu ya gunia la mahindi nikasikia uchungu kweli. Mwanamume anayeogopa nyumba ya jirani anaweza kuzunguka. Anayeogopa yake atazungukia wapi?

Ni ule mkosi wa kuku. Lazima. Kesho kutwa ni Sabato. Jumapili nampelekea Mama Bhoke jogoo.

Jumapili, 17 Agosti

Nimebeba jogoo mnono mpaka Ntimaru, yule yule asiyenisikia. Amenidonoa njia nzima. Nimemkabidhi Mama Bhoke kwa mikono miwili, nikaomba radhi kwa kuchelewa, nikamsihi amwambie mbwa, kwa njia yoyote wanayotumia, kwamba mwenyewe ni mimi.

Mama Bhoke akacheka mpaka akashika nguzo ya ghala. Kuku wake alishapata, akasema. Mweusi, anataga vizuri, ana vifaranga. Aliletwa siku ya tatu na mama mmoja mpole, akasema mume wake ni mtu wa shughuli nyingi.

"Huyo mbwa si wako, baba," akaniambia. "Ni wa mke wako. Wewe unakaa kwao tu."

Akakataa kumpokea jogoo wangu. Deni halilipwi mara mbili. Nimerudi naye, tumenyamaziana.

Jioni nikamwuliza Moraa. Hakukana. Alisema hakutaka jina langu lichafuke Ntimaru kwa ajili ya kuku mmoja. Kisha, akichambua mchicha bila kuniangalia, akasema, "Na hiyo njia ya miwa, Baba Emmah, iache. Kuna nyoka. Kesho tutapita pamoja."

Amejua siku zote. Miaka miwili ananiosha matope na hajaniaibisha hata mbele ya mtoto. Nilitaka kusema kitu kizuri. Nikasema mchicha una mchanga.

Jumatatu, 18 Agosti

Tumepita! Moraa mbele, Jemadari ubavuni mwake bila kamba, mimi nyuma na gunia la viatu. Inspekta akatoka mbio kama kawaida yake. Akamwona Jemadari. Akasimama. Moraa akasema neno moja, "Rudi," na sijui alikuwa anamwambia mbwa gani, maana Inspekta aligeuka akaingia chini ya lori la mabati, na Obare mwenyewe akarudi hatua mbili nyuma.

Obare akamwamkia Moraa kwa heshima zote. Halafu akaniona na mimi. Nikasema ile salamu yangu, niliyoifanyia mazoezi tangu Februari. Habari ya asubuhi, jirani! Sauti ilikatika kidogo katikati, lakini ilifika.

Nimefika stendi viatu vikiwa safi. Wateja wamestaajabu. Siku njema kuliko zote mwaka huu. Mwanamke huyu Mungu alinipa, namshukuru, na nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu. Akacheka, akaniongezea supu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimetafakari kwa kina. Funzo liko wazi kabisa: kosa langu lilikuwa kuchagua mbwa mdogo.

Moraa ana wake. Haki ni mimi niwe na wangu, wa kumfanya Jemadari ajue mkubwa ni nani pale getini. Nimepita kwa Edith kununua dawa ya minyoo mapema. Aliniuliza ni ya nini, nikasema ya akiba. Akafunga macho, nadhani ni uchovu wa kazi.

Mchana nikashuka Isebania. Fundi mmoja wa baiskeli huko ana watoto wa mbwa ambao baba yao, wanasema, aliwahi kumfukuza fisi mpaka Sirare, ndani ya Tanzania. Nimeangalia midomo yote. Mmoja ni mweusi mpaka kwenye ulimi! Kidole kimefungwa bandeji, naandika kwa mkono wa kushoto.

Yule fundi naye ana mila zile zile, akataka kuku. Jogoo yupo nyumbani, lakini Moraa amepanga kumpika Jumapili, na mimi napenda paja.

Nimemwambia kuku naleta kesho.