Daftari Linakwenda Majumbani

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nina miaka sitini na minane. Jalada langu la kazi linasema hamsini na nane, na jalada na mimi hatujawahi kugombana. Wakurugenzi tisa wamekuja na kuondoka mimi nipo. Mashine za kuchapa zimekwisha zote, lifti imekufa, mimi nipo. Na sheria hii mpya nitaishinda.

Sheria yenyewe: watumishi wa serikali ruhusa kufanyia kazi nyumbani. Imeanza leo. Nilikaa mapokezi na daftari la mahudhurio, kalamu nyekundu sikioni. Saa mbili na robo huvuta mstari. Aliyesaini chini ya mstari kachelewa, awe nani. Miaka thelathini na moja, kazi yangu hiyo. Leo juu ya mstari nimo mimi peke yangu. Chini hakuna mtu.

Fundi wa kompyuta, tunamwita Kidole maana anataka watu wasaini kwa kidole kwenye simu, akapita kunipa pole kama nimefiwa. Eti Ijumaa Mama Mkurugenzi anapeleka wizarani orodha ya kazi za kufutwa. Akaniangalia, akaliangalia daftari. Nikamwambia mimi nimeng'oka meno ya mbele yeye hajaota yake.

Jioni mke wangu kanisomea sheria. Kusoma najua, ila herufi za serikali ni ndogo. Kifungu cha saba: mtumishi atahesabiwa yuko kazini popote atakaposaini. Nikasema basi, inatosha. Akasema kuna cha nane. Nikamwambia hata siku za wiki ni saba na watu wanaishi.

Jumanne, tarehe 4
Akili yangu wakati mwingine hunitisha mwenyewe. Wao hawaji kwenye daftari? Daftari linakwenda kwao. Nikafunga droo, funguo mfukoni, huyo nikaenda.

Kwanza kwa katibu muhtasi. Anafanyia kazi kwenye meza ya kupigia pasi, amesimama, kwa sababu meza ya chakula kaichukua mumewe, naye mtumishi. Wananong'onezana nani aanze kupiga simu. Alisaini saa tatu. Nikavuta mstari juu yake. Akasema, mzee wangu, mimi niko kazini tangu saa kumi na mbili. Nikamwambia mstari hauulizi tangu lini.

Mwanasheria alisaini amevaa tai, na chini bukta. Saa nne na nusu. Mstari.

Nyumba nne, wachelewaji wanne. Ofisi imeoza.

Jumatano, tarehe 5
Leo kwa mhasibu, mchelewaji mkuu. Miaka kumi na moja sijamwona juu ya mstari. Nilikwenda kwake wa kwanza, saa mbili kasoro kumi, nimkamate kitandani.

Nilimkuta jikoni, anamlisha mama yake uji kwa kijiko. Mama hajiwezi, mkono mmoja tu unafanya kazi. Kijiko kinakwenda, kinasubiri, kinarudi. Aliniomba nikae. Nikakaa. Uji ule ulichukua saa nzima. Kisha kumfuta, kumgeuza, kumfungulia redio. Nilimuuliza ameanza lini mambo haya. Akasema mwaka wa kumi na moja sasa. Kwa nini hakusema? Akasema, babu, ulishaniuliza?

Alisaini saa tatu. Mama yake ananitazama.

Mstari sikuvuta. Wino uligoma.

Alhamisi, tarehe 6
Miguu imevimba. Nimefika kwa wawili tu. Kidole kapiga simu, sauti tamu mno. Eti jana mgeni wa wizara alikuja kuona sheria inavyokwenda. Kakaa mapokezi muda wa saa mbili, hakuna wa kumpokea. Alitaka kusaini daftari la wageni, liko ndani ya droo. Funguo ninazo mimi.

Mke wangu, beseni la maji ya moto mkononi, akasema kifungu cha nane. Nikamwambia mtu akilowesha miguu hasomewi sheria.

Ijumaa, tarehe 7
Mama Mkurugenzi kaniita. Akafungua daftari, akauliza saini yangu ya Jumanne iko wapi. Na Jumatano. Na Alhamisi. Nafasi yangu nyeupe, siku tatu. Wengine wana ruhusa ya kukaa nyumbani; ofisi nzima mtoro mmoja. Kidole akakohoa.

Akanisomea kifungu cha nane. Mapokezi hayahamii nyumbani, anayekaa mapokezi akae mapokezi.

Halafu akauliza mbona mhasibu hana mstari. Nikasema wino uligoma. Akaichukua kalamu, akachora kwenye kiganja chake. Nyekundu kama damu. Aliutazama mkono, akanitazama mimi, akafunga daftari.

Akanipa barua, kurasa mbili.

Nyumbani mke wangu kaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza: kazi yangu haifutwi. Nikamwambia basi, inatosha. Akasema upo wa pili, una neno "onyo". Nikasema hayo ni mapambo. Akausoma peke yake, kimya, akaukunja, akaficha viatu vyangu.

Ninavyo vingine. Jumatatu natoka saa kumi na moja alfajiri, niwafikie wote kabla ya saa mbili na robo. Kwa mhasibu nitakwenda na kalamu ileile mbovu.

Asiyeamini kwamba wino uligoma amuulize mama wa mhasibu. Hasemi, lakini aliona kila kitu.