Kiazi Kikuu cha Kisiwani

Jumatano, 28 Septemba 2005
Siku ya tatu kisiwani, huku Karibiani. Namsukuma kwenye kiti cha magurudumu bibi ninayemtunza kule Maryland. Hiyo ndiyo kazi ya mshahara. Kazi yenyewe ni kiazi kikuu! Jumapili ni sikukuu ya mavuno kanisani kwetu Langley Park, na nimemuahidi Adela, mbele ya kwaya nzima, kwamba nitaleta mnadani zao la udongo wa huku. Zefania, muumini mwenzetu anayelima mchicha kwenye ndoo kibarazani kwake, akaniambia niache fiksi. Ataona. Nitakinunua mwenyewe mnadani, nipige goti, nimkabidhi Adela hadharani, kisha nitamke la uchumba.

Leo hotelini: karoti za Florida. Viazi vya Idaho. Hata ndizi zina kibandiko cha Ekuado! Nimemuuliza mpishi kisiwa hiki kinazalisha nini. Akajibu kwamba ni watalii.

Ijumaa, 30 Septemba
Nimekipata! Nyuma ya gereji, kwa mama mwenye kishamba mteremkoni. Urefu wa mkono, udongo ungali umekiganda. Bibi nilimwacha kivulini dakika tano. Yeye anasema saa mbili. Wazee huzidisha.

Nimekifunga ndani ya gauni lake la kulalia. Nani atampekua bibi wa miaka tisini?

Jumamosi, 1 Oktoba
Mbwa! Kijibwa cha masikio marefu, pale uwanja wa ndege tulipotua Marekani. Kikaja kikaketi kando ya begi kama mgeni anayesubiri chai. Afisa akaeleza kwa upole kwamba mazao ya udongoni hayaingii nchini. Bibi akasema gauni analitambua, kiazi hakijui. Msaliti! Kiazi kikaenda pipani. Nimeumia, sifichi.

Alasiri nimenunua kingine duka la Waafrika hapa Langley Park. Kibandiko: Ghana. Nimekibandua. Udongo wa kukipaka nimeuchota kwenye ndoo ya Zefania, alipokuwa kazini. Ha!

Jumapili, 2 Oktoba
Mzee Cosmas, mnadi wetu, akakiinua juu, akatangaza kwamba kimevuka bahari. Vigelegele! Nikataja bei. Zefania akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha tena, anatabasamu. Mfuko ukaniishia. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimekwenda kwa Zefania! Akavuka ukumbi, akapiga goti, akamkabidhi Adela. Goti langu lile! Nikapiga makofi huku nalia. Watu wakadhani nimeguswa na mavuno.

Jumatatu, 3 Oktoba
Adela amepiga simu. Alikuwa anamenya kiazi, akakuta kibandiko kingine upande wa chini. Akauliza Ghana imekuwa kisiwa tangu lini. Akasema angenikubali hata ningerudi mikono mitupu, mradi ningesema kweli. Sasa Jumamosi anakwenda kunywa chai kwa Zefania.

Nimekaa nikatafakari sana, moyo unauma. Somo limeniingia. Kosa langu lilikuwa moja tu: sikukigeuza kile kiazi.

Bibi anarudi kisiwani Krismasi. Nimeshampigia Adela kumwambia ategemee nazi. Yule mbwa sidhani kama anajua harufu ya nazi.