Friji la Mvinyo na Pengo Letu la Jikoni

Jumatatu, 4 Mei

Bado sijazoea kuitwa mke wa mtu. Asubuhi nilimtazama mume wangu akipiga mswaki, moyo ukanienda mbio. Kumbe mtu anaweza kupendeza hata na povu mdomoni!

Ila nimechoka hoi. Siku nzima niko mapokezi, kliniki ya meno, nawachekea watu waliovimba mashavu. Nilirudi nikitaka mambo mawili tu: viatu kule, laazizi hapa. Simu ikalia. Mama mkwe.

Majirani zake wa chini wanalalamikia mtetemo wa mashine yake ya kufulia. Kwa hiyo Jumamosi anaileta kwetu. Itakaa jikoni, kwenye lile pengo kati ya sinki na jiko. Nikamshukuru. Ndipo akamalizia: na yeye atakuwa anakuja kufua. Kila Jumamosi tangu asubuhi. Jumapili atakuja kupiga pasi.

Wikendi zetu! Siku nyingine zote mume wangu yuko ghalani, anarudi kama gunia lililotua. Wikendi ndiyo ndoa yenyewe. Nampenda mama mkwe, Mungu shahidi. Nampenda zaidi akiwa kwake.

Nimewaza hadi chai ikapoa. Pengo likijaa, mashine haina pa kukaa. Lakini lijazwe na kitu cha kujengewa humo humo katikati ya makabati, kisichong'oleka.

Friji la mvinyo!

Mume wangu ameuliza mvinyo wenyewe uko wapi. Upo. Chupa mbili zilizobaki harusini. Moja imeshafunguliwa, lakini ina kizibo.

Jumanne, 5 Mei

Dukani baada ya kazi. Miguu inawaka moto. Futi sikubeba, ya nini? Jana nilimsimamisha mume wangu kwenye pengo, mabega yakagusa kabati huku na huku. Kipimo cha mapenzi! Nikawa namweka mbele ya kila friji, namgeuza, namrudisha. Muuzaji, dada mwenye kucha ndefu, akauliza kwa upole kama tunatafuta friji au jeneza.

Sikujua mambo ni mengi hivi. Kuna friji la joto la aina moja na la joto la aina mbili, mvinyo mweupe juu, mwekundu chini. Kuna linalonguruma na lisilonguruma. Kuna linalopumulia nyuma, hilo usilibane popote, na kuna la kujengewa, linalopumulia mbele kupitia matundu ya chini. Nikamwambia nipe hilo la mbele, mimi si mtoto. Akauliza tuna chupa ngapi. Nikasema zinaongezeka. Mume wangu akashikwa na kikohozi.

Nimechagua lenye mlango wa kioo na taa ya buluu. Taa ikamwangukia mume wangu usoni, jamani, kama picha ya jaridani! Nikalia kidogo. Pesa ilikuwa ya kitanda, lakini godoro chini nalo lina mahaba yake.

Jumatano, 6 Mei

Mdomo wangu huu! Nimemwambia wifi. Nilitaka tu ajue kwamba na sisi tuna vitu vya kujengewa, maana tangu awekewe oveni ukutani hatupumui. Wifi akacheka kicheko chake cha puani. Akasema, haya wifi, wengine wanafunga mlango kwa kufuli, wewe unaufunga kwa chupa. Nikajitia hamnazo. Akaniambia Jumamosi anamsindikiza mama, hawezi kukosa.

Nimelala saa moja jioni na sare ya kazi. Mume wangu kanivua viatu. Malaika!

Alhamisi, 7 Mei

Niliomba ruhusa kazini. Friji limefika, na fundi seremala amefika. Wote mtaani wanamwita Usijali, kwa sababu ndilo jibu lake.

Kwa upana limeingia bila shida. Ila nyuma halikufika, likabaki limetokeza kama kitambi. Mabega ya mume wangu yana upana, kina hayana. Usijali akakata ubao wa nyuma wa kabati. Vumbi la mbao kwenye sukari, kwenye chai, kwenye nyusi zangu. Hatimaye likakaa sawasawa. Nililiangalia nikasahau uchovu wote.

Kasoro moja. Yale matundu ya chini. Meusi, yamekaa kama kitana kilichong'oka meno, na makabati yetu ni meupe pe! Nikamwomba fundi ayazibe kwa ubao, aupake rangi ileile. Akauliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia mwenye jiko ni mimi. Akasema usijali.

Sasa huwezi hata kujua mwanzo wake wala mwisho wake. Pengo hakuna. Jumamosi na waje.

Ijumaa, 8 Mei

Linalia. Pii, pii, pii. Nimeshika kioo, cha moto. Nimeshika chupa, ya moto kama ya mtoto mchanga.

Mume wangu amerudi amepinda mgongo, na hata hivyo akapiga magoti jikoni. Akasema friji halipumui, mke wangu, umeliziba mdomo, toa ubao. Nikasema ubao hautoki, rangi ndiyo kwanza imekauka, na kikilegea kitu kimoja mama ataona kila kitu kinalegea. Akasema basi tulizime. Nikasema likizimwa si friji, ni kabati, na kabati huhamishwa.

Tukanuniana. Ugomvi wetu wa kwanza, uandikwe! Baadaye akaja kuniomba radhi, akasinzia katikati ya sentensi. Nimemfunika shuka. Ananikoromea taratibu, kama anaimba.

Jumamosi, 9 Mei

Walifika nimeshika kikombe cha chai. Mama mkwe mbele, wifi nyuma yake na macho kama taa, kisha wabebaji wawili na mashine. Nikasimama mbele ya friji, mikono nimeitandaza kama golikipa. Nikaanza kueleza kwa masikitiko kwamba nafasi imekwisha, tungejua mapema...

Ndani ya friji kitu kikafanya pwaa! Kizibo kimeruka, kimegonga kioo, mvinyo unatiririka chini ya taa ya buluu.

Mama mkwe akainama, akachungulia. Akauliza, "Mwanangu, unaupika?"

Wifi alilazimika kukaa kitako sakafuni.

Mume wangu akachomoa waya. Usijali akaitwa, akang'oa ubao, akalivuta friji lote nje apanguse. Nikaenda kuwachotea wabebaji maji ya kunywa. Maji tu! Kurudi, mashine imo kwenye pengo. Imeingia kama kidole kwenye pete, na hakuna aliyeipima.

Friji limepelekwa chumbani kwetu, kando ya godoro. Huko linapumua. Limepoa vizuri hadi mama mkwe amelifungua akasema ahaa. Krimu zake za uso zinayeyuka kwake, kwa joto. Akatoa kibegi, akazipanga zote, nyeupe juu, za usiku chini. Tena huzipaka kila siku, asubuhi na jioni.

Akanikumbatia. Akasema anajua nilimfikiria yeye.

Jumapili, 10 Mei

Amekuja alfajiri. Amekaa kwenye godoro letu, anapaka krimu. Mume wangu amehamia kwenye kochi na mto wake. Baada ya krimu, pasi. Baada ya pasi, krimu.

Nimechoka hadi kope. Mama naye amechoka, kasema hivyo mwenyewe. Kuja na kurudi kila siku kutamuua. Kile chumba chetu kidogo, kwa kuwa ni kitupu, kingetosha kitanda chake.

Kitupu! Hapo ndipo tatizo lilipo. Kikijazwa kitu kizito, kisichong'oleka, nani ataweka kitanda?

Meza ya biliadi.

Nimemnong'oneza mume wangu pale kwenye kochi. Amelala, kipenzi changu, au anajifanya amelala. Nimechukulia amekubali.