Mkono Uliochelewa Kuanguka

Binti aliyekuwa akipiga deki kwenye ukumbi wa mazoezi ya viungo wa kliniki ndiye aliyemwona mbu kwanza. Mbu alitua kwenye shavu la mgonjwa mpya, na mkono wa kulia wa mgonjwa, ule uliopoozeshwa na kiharusi tangu mwaka jana, ukaruka, pa! Mbu akafa. Kisha mkono ukakumbuka kwamba na wenyewe ulikuwa maiti, ukarudi kulala pajani.

Binti akainamisha kichwa, akaendelea na deki. Alikuwa mtu wa haya. Hata salamu alizitoa kwa kunong'ona.

Mgonjwa huyo mjini walimwita Asali, kwa sababu ya ulimi wake. Aliwahi kumuuzia mtu kivuli cha ukuta wa jirani. Safari hii alikuwa amenusa kiti cha magurudumu cha umeme, kipya, bado kimo kwenye nailoni, ambacho mfadhili angempa mgonjwa mwenye hali mbaya kuliko wote. Mnunuzi wa kumuuzia alikwisha kumpata.

Aliyekihitaji kweli ni mama yake binti. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wote, na kila asubuhi binti alimbeba mgongoni barabara tatu mpaka kliniki, ndipo akashika deki.

"Dada mtaalamu," Asali alimwambia mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mdomo ameupinda, "mimi ni gogo tu. Ukinisukuma, nalala hapohapo."

"Pole sana, kaka yangu."

Mtaalamu akaunyanyua ule mkono, akauachia. Mkono ukakawia hewani kama mgeni asiyejua akae wapi, ndipo ukaanguka. Mtaalamu huyu alikuwa amenyanyua mikono ya watu kwa miaka kumi na tisa. Mkono uliopooza hauna adabu ya kumsaidia anayeunyanyua. Huu ulikuwa na adabu tele.

"Kupooza kwako ni kwa aina yake," alisema kwa huzuni kubwa. "Dawa yake ni mazoezi makali. Na mfadhili anampenda mgonjwa mwenye bidii."

"Nipe yote, dada!"

Akapewa. Kukamua mataulo, zoezi la vidole. Kusugua choo, zoezi la bega. Ndoo za maji alibeba mbili mbili, eti mwili usiegemee upande. Mashuka ya vitanda vyote akayafua kwa afya ya moyo. Kwa wiki tatu binti hakugusa deki; alikaa na mama yake, akimkunja na kumkunjua vidole, kimoja kimoja.

"Na hili la kung'oa magugu uani linatibu nini?" Asali aliuliza, jasho likimchuruzika.

"Ubongo, kaka. Wako umezidi kuchoka kwa kuwaza."

Jumamosi mfadhili akaja. Asali alikaa mbele kabisa, mdomo umepinda kwa ufundi wa mwisho. Mtaalamu akamshika bega.

"Huyu bwana alikuja gogo. Leo ameosha ukumbi huu peke yake. Amepona! Makofi!"

"Hapana!" Asali aliruka, mikono yote miwili juu. "Sijapona! Haki ya Mungu nimepooza!"

Mfadhili akamkumbatia huku akilia. Hajapata kuona mgonjwa mnyenyekevu hivi, asiyetaka kuachana na wauguzi wake. Asali akasindikizwa mpaka getini na cheti cha kupona, bidhaa ambayo, kwa bahati mbaya, haina soko.

Kwenye kiti akakalishwa mama yake binti. Akabonyeza kitufe kwa mkono wake mzima, kiti kikasogea. Binti akafuata nyuma, mikono haina la kufanya.

"Mbona... kimya?" mama aliuliza, maneno yakimtoka moja moja. "Hu... furahi?"

Maswali kama hayo binti aliyajibu siku zote kwa kutikisa kichwa.

"Mama," alisema, kwa sauti iliyomfanya hata mfadhili ageuke, "wewe ni mzito. Mgongo umeniuma kila siku, tangu siku ya kwanza."